Mnada uko kwenye skrini, korosho ziko uwani

Novemba ikifika, nyua nyingi za Msimbu hubadilika rangi. Turubai hutandazwa tangu jua la saa mbili, korosho humwagwa na kusambazwa kwa mkono, na mtoto mdogo kuliko wote hupewa kazi ya kufukuza kuku na mbuzi. Saa nane mchana wingu likijikusanya, kila kitu husimama. Mboga huachwa jikoni, ndoo huachwa bombani, na kila mwenye mikono hukimbilia turubai. Korosho zikilowa leo, hasara haitaonekana leo. Itaonekana wiki kadhaa baadaye, kwenye skrini ya mnada ambayo wengi wa waliokimbia hawataiona kwa macho yao.

Msimbu ni kata ya wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, upande wa pili wa vilima vya Pugu ukitokea Dar es Salaam. Kisarawe, kama jirani zake Mkuranga, Rufiji na Kibiti, ni wilaya ya korosho, ingawa sifa za zao hilo huenda zaidi Mtwara na Lindi. Tofauti ni kwamba huku familia nyingi hazijioni kuwa wakulima wa korosho hasa. Wana muhogo, wana mahindi kidogo, wana maembe, na baba huenda anaendesha bodaboda au anafanya kibarua mjini. Mikorosho ni ile kumi au ishirini iliyoachwa na babu, inayokumbukwa msimu ukifika. Muuzaji wa aina hii huuza mara moja kwa mwaka, na si mfanyabiashara wala hana ofisi.

Lakini huyohuyo, tangu msimu wa 2024/2025, anauza mali yake kwenye mnada wa mtandaoni.

Kutoka bahasha hadi skrini

Wazazi wenye umri wanakumbuka namna tatu za kuuza korosho kabla ya hii.

Ya kwanza ni ya mnunuzi kuja nyumbani na kopo lake. Hii ndiyo iliyopewa jina la kangomba: kununua kwa kipimo cha kopo au bakuli badala ya mzani, kwa bei anayotaja mnunuzi, na pesa mkononi papo hapo. Imepigwa marufuku miaka mingi, na haijafa.

Ya pili ilikuja na stakabadhi ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianza kutumika msimu wa 2007/2008 huko Mtwara kabla ya kusambaa. Mkulima alipeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, ukapimwa, ukaenda ghala kuu, naye akabaki na risiti. Wanunuzi waliandika bei zao kwenye karatasi, wakazifunga ndani ya bahasha na kuzitumbukiza kwenye sanduku. Siku ya mnada sanduku lilifunguliwa mbele ya wakulima, bahasha zikasomwa moja baada ya nyingine.

Bahasha zilikuwa na raha yake, maana mkulima aliziona zikifunguliwa. Zilikuwa na ubaya wake pia. Mnunuzi alilazimika kuwa na mtu wake pale, na wanunuzi wanaokutana kila wiki kwenye viwanja vilevile hupata nafasi ya kuelewana kabla ya kuandika.

Ya tatu ni ile ya mwaka 2018, ambayo haikuwa namna ya kuuza bali dharura. Msimu wa 2017/2018 ulikuwa wa neema: nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na bei kusini ikapita Sh4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa mnadani. Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Wapo waliolipwa upesi, na wapo waliosubiri hadi watoto wakabadilisha madarasa. Tangu hapo, katika familia nyingi za ukanda wa korosho, swali la kwanza kuhusu mfumo wowote mpya si bei itakuwa ngapi. Ni pesa itaingia lini.

Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana zaidi kwa herufi zake TMX, lilizinduliwa mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa lilikuwa jina la mjini tu. Baadaye mazao kama ufuta na mbaazi yakaanza kuuzwa kupitia mfumo wake, na msimu wa 2024/2025 ikawa zamu ya korosho. Minada ya kwanza ya msimu huo, Oktoba 2024 huko Mtwara, ilipita Sh4,000 kwa kilo, na kufikia mwisho wa msimu nchi ilikuwa imekusanya zaidi ya tani 500,000.

Bei ile ilisifiwa kana kwamba skrini ndiyo iliyoileta. Hapo inafaa kwenda polepole. Bei ya korosho ghafi ya Tanzania hutegemea sana viwanda vya India na Vietnam, ambako sehemu kubwa ya mzigo huenda kubanguliwa. Mwaka ambao viwanda hivyo vina njaa ya malighafi, hata bahasha zingeleta bei nzuri. Kazi ya skrini ni nyingine: inamruhusu mnunuzi aliye mbali kuweka bei bila kusafiri, na inaacha kumbukumbu ya nani aliweka nini.

Siku ya mnada, kwa mtu aliyeko uwani

Safari ya gunia la Msimbu ni ndefu kuliko watoto wanaoliokotea wanavyodhani.

Kwanza ni AMCOS. Korosho hupimwa kwenye mzani, karani huandika kilo na daraja, na mkulima hupewa risiti yenye jina lake na namba yake ya usajili. Kutoka hapo mzigo hubebwa hadi ghala kuu lenye leseni. Huko sampuli huchukuliwa na wapimaji huzipasua korosho kuangalia kiini: kimejaa au kimesinyaa, cheupe au kimeanza kuoza. Unyevu nao hupimwa. Mzigo hupangwa kwa madaraja, wa kwanza peke yake na wa pili peke yake, kisha orodha ya kilichopo ghalani hutumwa kwa wanunuzi waliosajiliwa.

Siku ya mnada wakulima hukusanyika kwenye uwanja wa AMCOS iliyochaguliwa. Hapa ndipo wengi hushangaa mara ya kwanza, kwa sababu kinyume na minada ya ng'ombe au ya mitumba, hakuna anayepiga kelele wala anayeinua mkono. Wanunuzi huweka bei kupitia mfumo, kila mmoja alipo, na muda ukiisha matokeo huonyeshwa kwenye skrini: nani ametoa bei ya juu, kwa kilo ngapi, na bei ya chini iliyoshinda ni ipi. Kisha wakulima huulizwa kama wanaridhia. Wakikataa, mzigo husubiri mnada mwingine.

Haki hii ya kukataa ni ya pamoja, na ndiyo inayobishaniwa sana vibarazani. Mwenye magunia mia anaweza kusubiri wiki mbili ili apate Sh200 zaidi kwa kilo. Mwenye magunia mawili na mtoto anayedaiwa viatu vya shule angechukua bei ya leo. Uamuzi ukitoka umewafunga wote wawili.

Bei ikikubaliwa, mnunuzi hulipa ndani ya siku zilizowekwa na mwongozo wa mnada. Pesa hupitia chama kikuu, hushuka AMCOS, makato hufanywa, na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya benki ya mkulima. Kila kituo kati ya hivyo kinaweza kuchelewesha: jina lililoandikwa Mwanaidi kwenye risiti na Mwanahidi benki, akaunti iliyolala kwa miaka miwili, namba iliyokosewa tarakimu moja. Skrini inaonyesha bei kwa sekunde, lakini kurekebisha herufi moja ya jina kunaweza kula wiki nzima.

Yule wa Marekani na huyu wa Kisarawe

Minada ya mtandaoni ilipoanza duniani ilikuwa ya watu wadogo kabisa. Mwaka 1995 kijana mtaalamu wa kompyuta huko California, Pierre Omidyar, alifungua tovuti iliyokuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika, kikanunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alimuuliza mnunuzi kama ameelewa kuwa ni kibovu, naye akajibu kwamba yeye hukusanya vitochi vibovu. Kwa miaka ya mwanzo hiyo ndiyo ilikuwa raha yake: mama anauza vyombo vya bibi yake, kijana anauza viatu vilivyombana, wanunuzi wanapandishana bei, na mwisho wa siku wanaandikiana sifa nzuri au mbaya.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2000 kikaja kitufe cha kununua papo hapo kwa bei iliyopangwa, na polepole mnada wenyewe ukawa sehemu ndogo ya biashara. Mwaka 2008 wauzaji walizuiwa kumwandikia mnunuzi sifa mbaya, hata kama amewasumbua. Maduka makubwa yakaingia na bidhaa kwa maelfu, na yule mama wa vyombo vya bibi akawa mgeni kwenye soko alilosaidia kulijenga.

Huku kwetu mnada umeanzia upande wa pili. Haukujengwa na watu wadogo kisha ukachukuliwa na wakubwa. Umejengwa na serikali na vyama vya ushirika, na mtu mdogo ameingizwa ndani akiwa amejumlishwa na wenzake. Mama wa Msimbu hana kitufe cha kubonyeza. Hawezi kuweka bei ya chini anayoitaka, hawezi kuchagua siku, hawezi hata kujua gunia lake limeangukia kwa mnunuzi yupi. Kwa upande mwingine, hakuna kampuni ya Vietnam itakayohangaika na gunia mbili za mtu mmoja. Zinauzika kwa bei ya soko la dunia kwa sababu tu zimewekwa pamoja na za wenzake mia tatu.

Chai ya Kenya imepita njia hiyohiyo. Mnada wake ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mwaka 2020 ukaacha ukumbi na nyundo ukaingia kwenye mfumo wa kielektroniki. Mchuma majani wa Kericho hajawahi kukaa kwenye ukumbi ule. Kwake kilichobadilika si mnada bali kile kinachomfikia baada ya mnada, na hapo ndipo hata Kisarawe inapofaa kutazamwa.

Hesabu ya Januari

Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini kila mzazi anajua Januari haikufutwa. Sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, na kwa aliyechaguliwa kwenda bweni, godoro, ndoo, shuka na nauli. Korosho za Pwani huvunwa kuanzia Oktoba, huuzwa Novemba na Desemba, na kwa familia nyingi hakuna zao jingine linaloangukia Januari vizuri namna hiyo.

Mwenye kopo naye anajua kalenda. Huja Septemba na Oktoba, wakati njaa ya pesa iko juu na korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Wengine huja mapema zaidi na kununua mti ukiwa na maua.

Tuseme familia ina kilo 180. Mnadani, tuseme pia, bei ikitolewa makato yote inabaki Sh2,500 kwa kilo. Hiyo ni Sh450,000. Mwenye kopo anatoa Sh1,500 kwa kile anachokiita kilo. Kwa haraka ni Sh270,000. Lakini kopo lake limepondwa kwa ndani hadi likachukua kilo moja na robo tatu ya robo, au amelijaza mlima. Likichukua kilo moja na gramu 200, zile kilo 180 zinakuwa makopo 150, na pesa inashuka hadi Sh225,000. Nusu kamili ya mzigo imeondoka, na mtoto aliyekimbilia turubai kila mchana amefanya kazi ya nusu.

Namba hizi ni za mfano, na kila msimu una zake. Fomula haibadiliki: hasara ya kangomba iko mara mbili, kwenye bei na kwenye kipimo, na watu huijadili bei tu.

Hata hivyo si haki kumwita mjinga anayemuuzia mwenye kopo. Mtoto mwenye homa Oktoba hawezi kuambiwa asubiri mnada. Mama aliyekwama ana milango mitatu: kopo, mkopo wa kausha damu, au kikoba. Kausha damu ya Sh100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi itadai Sh140,000 baada ya miezi miwili. Ni kisu, lakini kwenye mfano huu ni kisu kidogo kuliko kopo, kwa sharti kwamba pesa ya mnada isichelewe. Ikichelewa hadi Machi, hesabu inageuka. Ndiyo maana uchelewaji wa malipo si lalamiko dogo la ofisini. Siku thelathini za kusubiri ndizo zinazomrudisha mwenye kopo mlangoni msimu unaofuata.

Vikundi vya akina mama vinavyoweka akiba na kuvunja kikoba mwezi Septemba badala ya Desemba vimeliona hili bila kufundishwa. Desemba kila mtu ana pesa ya korosho. Septemba ndiyo inayoua.

Jina la nani kwenye risiti

Kuna jambo ambalo skrini haikulileta, ila imelifanya lionekane zaidi.

Zamani mwenye kopo alimlipa aliyemkuta nyumbani. Mara nyingi alikuwa mama, na pesa hiyo, japo kidogo, ilipita mkononi mwake kwanza. Mfumo wa sasa humlipa aliyesajiliwa. Usajili wa wakulima wa korosho huandika jina la mwenye shamba, idadi ya miti na akaunti ya benki, na kwa ruzuku ya salfa na viuatilifu hutumika usajili huohuo. Katika nyumba nyingi jina lililoandikwa ni la baba, hata pale ambapo mikorosho imetoka kwa babu mzaa mama, na hata pale ambapo anayefyeka, anayeokota, anayeanika na anayechambua ni mke na watoto.

Baba mwema hataharibu kitu. Ujumbe wa benki utaingia kwenye simu yake, atausoma kwa sauti, watapanga pamoja. Lakini ujumbe ni siri ya mwenye simu. Mke asiyeuona hawezi kujua kama pesa imeingia Desemba 10 au haijaingia kabisa, na "ushirika haujalipa" ni sentensi inayoaminika sana vijijini kwa sababu mara nyingi ni kweli.

Yako mambo mawili yanayosaidia, yote yanafanyika kabla ya msimu. Moja ni kugawa usajili: kama mama ana mikorosho yake, kwa kurithi au kwa kupanda, iandikwe kwa jina lake na akaunti yake, hata ikiwa miti sita tu. Pwani inaelewa tangu zamani kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, kwa hiyo wazo si geni kwa wazee. Jingine ni bei ya mnada yenyewe. Matokeo ya kila mnada hayana siri. Hutangazwa redioni, hubandikwa, na huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp jioni hiyohiyo. Mwanamke mwenye risiti ya kilo zake na bei ya mnada wa tarehe ile anaweza kupiga hesabu yake mezani bila kumwomba mtu ruhusa ya kuona simu.

Wajane wana tatizo lao. Jina la marehemu likibaki kwenye usajili na akaunti ikawa imefungwa, korosho hupimwa na kuuzwa, na pesa haina pa kutua. Kurekebisha huanzia kwa mtendaji wa kijiji na mirathi, si kwa karani wa AMCOS siku ya kupima.

Mvua, magunia na watoto

Korosho za Pwani zina sifa ya kuangukia daraja la pili, na sababu kubwa inatoka mawinguni. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, wakati hasa wa kuvuna. Huko kusini wakati huo jua bado linawaka. Hivyo mama wa Msimbu anashindana na mwenzake wa Tandahimba kwenye soko moja, akiwa na turubai na macho ya kuangalia wingu.

Bado kuna mengi yaliyo mikononi mwa familia. Korosho iliyookotwa siku ileile ilipodondoka haiozi chini ya majani. Iliyotenganishwa na bibo lake upesi na kusafishwa haibebi utomvu. Siku mbili au tatu za jua zuri hutosha, na kipimo cha bure ni sikio: ikitikiswa mkononi iliyokauka hulia. Gunia liwe la katani linalopumua. Kiroba cha plastiki hutoa jasho ndani, na mzigo uliokauka uwani hufika ghalani umelowa tena. Zaidi ya yote, mbovu na nzuri zisichanganywe kwa matumaini kwamba karani hataona. Karani anaweza asione, lakini mpimaji wa ghala kuu atazipasua.

Kazi ya kuokota hufanywa sana na watoto, na hakuna ubaya mtoto kusaidia nyumbani jioni au likizo ya Desemba. Ubaya huanza Oktoba na Novemba, wakati shule ziko wazi na darasa la saba tayari wamemaliza mtihani wao na kuonekana watu wa bure. Wadogo zao huwafuata shambani. Korosho inayookotwa kwa ajili ya shule, kwa kumtoa mtoto shule, ni hesabu ambayo baadhi ya walimu wameshaizoea kwenye daftari la mahudhurio.

Kidogo kidogo kwenye WhatsApp

Mbali na korosho, mauzo madogo ya Msimbu nayo yamehamia kwenye simu, na huko mama ana kitufe chake mwenyewe. Maembe, kuku wa kienyeji, muhogo wa kuchimba leo, gauni la mtoto lililombana: picha moja kwenye kundi, bei chini yake, na bodaboda hupeleka. Tovuti za kuuza vitu zimekuja na kupita. OLX ya Tanzania ilichukuliwa na Jiji mwaka 2019, na Jumia ikafunga shughuli zake nchini Novemba mwaka huohuo. Kundi la WhatsApp lililoanzishwa na mama wa kikoba bado lipo. Wakati mwingine hata mnada hufanyika humo: mtu anaweka kitenge kipya, wenzake wanapandishana mia tano mia tano hadi saa tatu usiku, na mshindi analipwa kicheko zaidi ya punguzo.

Huko hakuna mzani wala mpimaji, kuna kujuana tu. Kundi la watu hamsini wanaofahamiana hulinda kuliko la watu elfu moja, na anayekataa kulipa atakutana na muuzaji kisimani.

Hatari kubwa huja kutoka nje. Msimu wa malipo ya korosho, matapeli nao huwa na msimu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa umepata ndugu: mtu anapiga, anajua jina, anajua AMCOS, anasema malipo yamekwama na anahitaji namba ya siri au tarakimu sita zilizoingia sasa hivi kwenye simu. Hakuna AMCOS, benki wala mtandao wa simu unaohitaji namba ya siri ya mtu ili kumlipa. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040 bila malipo, pamoja na namba iliyoutuma. Na kwa kubonyeza *106# mtu huona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, zikiwemo asizozijua. Bibi mwenye simu ya kitochi anaweza kufanya yote mawili bila bando.

Risiti ya karatasi, ile yenye kilo na daraja, bado ndiyo ushahidi wa kwanza kama kilichoingia benki ni pungufu. Wengi huiweka chini ya godoro, ambako mvua iliyopenya paani huifikia kabla ya pesa. Kuipiga picha siku ileile na kumtumia binti aliyeko Gongo la Mboto huchukua dakika moja, na karani hawezi kubishana na picha yenye tarehe.